"Utafiti Umewasilishwa Mkutanoni": Mtumiaji wa Dawa Aelewe Nini?

Katika vipeperushi vya dawa, matangazo ya redio na jumbe zinazosambazwa kwa simu, mtumiaji hukutana na maelezo ya aina hii: "Ubora wa bidhaa hii umethibitishwa na utafiti uliowasilishwa katika mkutano wa kimataifa wa wanasayansi." Mara nyingi sehemu kubwa ya maelezo hayo ni ya kweli. Utafiti ulikuwapo, mkutano ulikuwapo, na mtafiti alisimama mbele ya wenzake akauwasilisha. Neno lisilo la kweli ni moja tu: "umethibitishwa". Kuwasilisha utafiti mkutanoni na kuthibitisha dawa ni mambo mawili tofauti, na kati ya hayo mawili ipo safari inayoweza kuchukua miaka mingi.

Tumeiandaa sura hii kwa sababu kuyachanganya mambo hayo kunaweza kumgharimu mtumiaji fedha, na wakati mwingine uhai. Mgonjwa wa kisukari, wa shinikizo la damu au wa saratani anayeacha tiba aliyoandikiwa ili ajaribu bidhaa "iliyowasilishwa mkutanoni" anabadilisha jambo linalojulikana kwa jambo ambalo watafiti wenyewe bado wanaulizana. Tutaeleza ikisiri ya utafiti ni nini, inavyotumwa na kupokewa mkutanoni, mambo yanayokaguliwa na yasiyokaguliwa, na maswali ambayo kila mtumiaji anaweza kuyauliza kabla ya kutoa fedha zake.

Ikisiri ni nini?

Ikisiri ni muhtasari wa utafiti unaoandikwa na watafiti wenyewe. Kwa kawaida ni mfupi sana: mikutano mingi huweka kikomo cha maneno kama 250 au 300 hivi. Ndani ya nafasi hiyo ndogo watafiti hutakiwa kueleza mambo manne: usuli na lengo la utafiti, mbinu zilizotumika, matokeo, na hitimisho. Watafiti huituma ikisiri kwa waandaaji wa mkutano wakiomba nafasi ya kuwaeleza wanasayansi wenzao kazi yao.

Mikutano ya sayansi ya tiba ni ya namna nyingi. Ipo inayohusu ugonjwa mmoja, kama vile saratani au malaria. Ipo pia inayohusu safari nzima ya ugunduzi, kutoka maabara hadi wodini, na kutoka wodini hadi katika zahanati na jamii. Nchini Marekani, kwa mfano, chama kiitwacho Association for Clinical and Translational Science huandaa mkutano wa namna hii kila mwaka, na ikisiri zilizokubaliwa huchapishwa katika toleo la nyongeza la jarida la kisayansi.

Hapa mtumiaji azingatie mambo mawili. La kwanza ni kwamba katika mkutano wa namna hiyo si kila ikisiri inahusu dawa iliyojaribiwa kwa watu. Baadhi huhusu chembe hai zilizokuzwa katika vyombo vya maabara, nyingine huhusu panya, nyingine huhusu mafunzo ya watafiti au njia za kuchambua takwimu. Kitu kilichoua chembe za saratani katika chombo cha kioo hakijathibitika kumponya mtu. La pili ni kwamba maneno "imechapishwa katika jarida" yanaweza kumaanisha ikisiri ya maneno 300 katika toleo la nyongeza, wala si makala kamili iliyohakikiwa kwa kina. Mwuzaji anayejua tofauti hiyo na kuinyamazia anampotosha mnunuzi.

Safari ya ikisiri hadi mkutanoni

Ingawa kila mkutano una kanuni zake, hatua kuu hufanana.

1. Wito. Miezi kadhaa kabla ya mkutano, waandaaji hutangaza mada na tarehe ya mwisho ya kupokea ikisiri. Watafiti hujaza fomu kwa njia ya intaneti, wakitaja majina ya waandishi wote, taasisi zao na kundi la mada ambalo kazi yao inaangukia.

2. Matamko. Mikutano makini huwataka waandishi waeleze kama utafiti uliohusisha watu ulipata kibali cha maadili, nani aliyeugharimia, na kama mwandishi yeyote ana maslahi ya kifedha katika bidhaa inayotafitiwa. Kwa majaribio ya dawa, namba ya usajili wa jaribio hutakiwa pia mara nyingi.

3. Kupimwa. Ikisiri hugawiwa kwa wataalamu wachache wanaojitolea, ambao aghalabu hufichwa majina ya waandishi ili wasiwapendelee. Kila mtaalamu husoma ikisiri nyingi na kuzipa alama kwa kuangalia upya wa wazo, uwazi wa mbinu, na umuhimu wa kazi kwa watakaohudhuria.

4. Uamuzi. Ikisiri chache hupewa nafasi ya kuwasilishwa kwa mazungumzo jukwaani. Nyingi zaidi hupewa nafasi ya bango, yaani karatasi kubwa inayotundikwa ukumbini huku mtafiti akisimama kando yake kujibu maswali. Nyingine hukataliwa.

5. Uwasilishaji. Mzungumzaji wa jukwaani hupewa dakika chache, mara nyingi zisizofika 15, na baada ya hapo wasikilizaji huuliza na kupinga. Mikutano mingi humtaka mwasilishaji ajisajili na kulipa ada kama wahudhuriaji wengine.

Muda unaopita kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho una athari yake. Kwa kuwa ikisiri hutumwa miezi kadhaa kabla ya mkutano, baadhi huandikwa wakati utafiti haujakamilika. Ipo mikutano inayopokea hata ikisiri za majaribio yanayoendelea ambayo hayana matokeo yoyote bado. Lengo la ikisiri hizo ni kuwajulisha wataalamu kwamba jaribio lipo. Kwa hiyo takwimu zilizo katika ikisiri zinaweza kutofautiana na zile zinazotajwa jukwaani, na zote mbili zikatofautiana na zile za makala kamili. Tofauti hizo peke yake si udanganyifu. Zinatokana na kazi ambayo ilikuwa bado inaendelea.

Jambo ambalo wapimaji hawaoni

Mtaalamu anayepima ikisiri huona maneno yale yale 300 ambayo msomaji atayaona. Haoni mafaili ya wagonjwa. Haoni takwimu ghafi, wala hawezi kurudia hesabu. Hajui ni wagonjwa wangapi waliojitoa katikati ya jaribio endapo waandishi hawakusema. Anategemea uaminifu wa waliotuma.

Hatusemi haya ili kuidharau mikutano ya kisayansi. Kazi yake ni mazungumzo: mtafiti huleta jambo lisilokomaa, wenzake wakamwonyesha mapengo, naye akarudi kulirekebisha kabla ya kuandika makala kamili. Utafiti uliopita katika maswali hayo huwa bora zaidi. Tatizo huanza pale mazungumzo ya wataalamu yanapochukuliwa na kugeuzwa kuwa cheti cha bidhaa.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ikisiri ni wingu: inaweza kuleta mvua, na inaweza kupita. Mkulima hahesabu magunia kwa kutazama mawingu.

Funzo la mwaka 1999

Tukio moja linaonyesha uzito wa jambo hili kuliko mengine. Katika miaka ya 1990, wanawake wengi wenye saratani ya matiti, hasa nchini Marekani, walipewa tiba kali sana: dozi kubwa mno za dawa za saratani, kisha kurudishiwa seli zao wenyewe za kutengeneza damu ambazo zilikuwa zimetolewa na kuhifadhiwa kabla ya tiba. Tiba hiyo ilikuwa ghali, ilileta mateso makubwa, na baadhi ya wagonjwa walikufa kutokana na tiba yenyewe. Swali lilikuwa: je, inawafaa kuliko tiba ya kawaida?

Mwezi Mei 1999, katika mkutano wa mwaka wa chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, American Society of Clinical Oncology, yaliwasilishwa matokeo ya majaribio kadhaa kuhusu swali hilo. Mengi hayakuonyesha faida. Moja lilionyesha faida kubwa: lile la Werner Bezwoda, daktari wa saratani wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, nchini Afrika Kusini. Waliotaka kuendelea na tiba ile walipata pa kushikilia.

Kabla ya kuanzisha jaribio kubwa la kufuatilia matokeo hayo, wataalamu wa Marekani waliamua kufanya jambo ambalo mkutano hauna uwezo wa kulifanya. Mwanzoni mwa mwaka 2000 walisafiri hadi Johannesburg kukagua mafaili. Taarifa yao, iliyochapishwa mwaka huo huo katika jarida la The Lancet, ilieleza kwamba kumbukumbu walizoziona hazikulingana na yaliyowasilishwa mikutanoni. Hawakuona fomu za ridhaa zilizosainiwa na wagonjwa, na kamati ya maadili ya chuo haikuwa na kumbukumbu ya kuidhinisha tiba hiyo ya utafiti. Bezwoda alikiri kukiuka uaminifu wa kisayansi. Baadaye hata makala yake kamili ya mwaka 1995, kuhusu tiba ya aina hiyo hiyo, iliondolewa na jarida lililoichapisha.

Tunaomba msomaji atambue jinsi kosa lilivyobainika. Ikisiri ilipimwa na kupita. Uwasilishaji ulisikilizwa na wataalamu waliobobea, wakaondoka bila kuujua ukweli. Udanganyifu ulionekana pale tu watu walipofungua mafaili. Ikiwa ukumbi mzima wa madaktari bingwa haukuweza kuligundua hilo kwa kusikiliza, mtumiaji wa kawaida hawezi kuligundua kwa kusoma kipeperushi.

Ikisiri nyingi haziendelei kuwa makala

Udanganyifu ni nadra. La kawaida zaidi ni ukimya. Mwaka 2018 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulitoa mapitio yaliyojumlisha ripoti 425 zilizofuatilia ikisiri zaidi ya 307,000 za mikutano ya tiba na afya. Kati ya ikisiri hizo, zilizokuja kuchapishwa kama makala kamili zilikuwa takribani asilimia 37. Kwa maneno mengine, katika kila ikisiri 10, takribani 6 hazikufika huko.

Sababu ni nyingi: watafiti kukosa muda, fedha kwisha, jarida kukataa, au matokeo ya mwisho kutofanana na yale ya awali. Mapitio hayo yalionyesha pia kwamba ikisiri zenye matokeo mazuri zilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuchapishwa. Maana yake ni kwamba habari njema husafiri, na habari ya dawa isiyofanya kazi hubaki katika kabati la mtafiti. Azimio la Helsinki, linaloongoza maadili ya utafiti wa tiba duniani, linawataka watafiti watangaze matokeo yote, yawe mazuri au mabaya. Wagonjwa waliojitolea miili yao kwa ajili ya jaribio wanastahili hilo.

Hapa Afrika Mashariki tunao mfano wetu wa matumaini yaliyotangulia ushahidi. Mwaka 1990 nchini Kenya ilitangazwa dawa iliyoitwa Kemron, iliyokuwa na kiasi kidogo cha interferoni alfa cha kutumia kwa njia ya kinywa, ikiwa tiba ya UKIMWI. Taarifa za awali hazikuwa na kundi la kulinganisha, lakini wakati ule hapakuwa na tiba ya kutegemewa, na habari zilienea haraka. Baadaye lilifanyika jaribio nchini Uganda lenye wagonjwa zaidi ya 500 waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya dawa hiyo na plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2000, hayakuonyesha faida yoyote. Watu waliotumia akiba zao kwa sababu ya taarifa za mwanzo hawakurudishiwa.

Namna ya kusoma ikisiri

Iwapo mwuzaji atakuonyesha ikisiri yenyewe, usiikatae. Isome, au mwombe mfamasia akusomee. Mwaka 2008 ilitolewa miongozo iitwayo CONSORT kuhusu yale ambayo ikisiri ya jaribio la dawa inapaswa kuyataja. Kwa faida ya mtumiaji tunayaeleza yaliyo muhimu:

- Idadi ya washiriki, walioanza na waliohesabiwa mwishoni. Matokeo ya watu 12 ni dokezo tu.
- Kundi la kulinganisha, na jinsi washiriki walivyogawanywa. Wagonjwa wengi hupata nafuu hata bila dawa mpya. Bila kulinganisha, nafuu hiyo huhesabiwa kuwa kazi ya dawa.
- Kipimo kikuu kilichochaguliwa kabla ya jaribio kuanza. Atakayepima mambo 20 atapata moja lililobadilika kwa bahati tu.
- Madhara. Ikisiri isiyotaja madhara hata kwa sentensi moja haijakamilika.
- Namba ya usajili wa jaribio na jina la aliyetoa fedha.

Jihadhari pia na asilimia zinazosimama peke yake. Tuchukue mfano wa kubuni. Kati ya watu 1,000 waliotumia dawa ya zamani, 4 walipata kiharusi. Kati ya 1,000 waliotumia dawa mpya, 2 walipata kiharusi. Tangazo litasema kwamba dawa mpya imepunguza kiharusi kwa asilimia 50. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba imewafaa watu 2 katika kila 1,000. Mtumiaji anayeelezwa sentensi ya kwanza bila ya pili hajaelezwa vya kutosha ili aamue kama bei na madhara ya dawa hiyo vinastahili.

Ushahidi wa kutosha hupatikana wapi?

Kwa Tanzania Bara, jaribio la dawa kwa watu huhitaji kibali cha maadili ya utafiti kinachoratibiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, pamoja na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Majaribio ya Afrika yanaweza kusajiliwa katika rejesta ya bara zima, Pan African Clinical Trials Registry, ambayo makao yake yako Afrika Kusini na ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama bila malipo. Usajili huo humwezesha msomaji kulinganisha yale ambayo watafiti waliahidi kuyapima na yale waliyoyatangaza.

Baada ya majaribio, mwombaji wa usajili wa dawa hawasilishi ikisiri. Huwasilisha jalada zima: takwimu za usalama na ufanisi, maelezo ya utengenezaji, na vipimo vya ubora. Wakaguzi wa mamlaka wana uwezo wa kuuliza, kudai nyaraka na kutembelea viwanda. Dawa za asili zinasimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na Zanzibar ina wakala wake wa chakula na dawa. Kusajiliwa hakuifanyi dawa imfae kila mtu, lakini kunamaanisha kwamba yupo aliyefungua mafaili.

Maswali ya kumwuliza mwuzaji

1. Je, bidhaa hii imesajiliwa hapa nchini? Namba yake ya usajili ni ipi?
2. Utafiti unaoutaja ulifanyika kwa watu, kwa wanyama au katika maabara?
3. Makala kamili iko wapi, au ipo ikisiri pekee?
4. Jaribio lilisajiliwa kwa namba gani?
5. Nani aliyegharimia utafiti huo?
6. Mkutano huo uliandaliwa na nani? Ipo mikutano ya kibiashara inayopokea kila ikisiri ilimradi ada imelipwa. Jina kubwa lenye neno "kimataifa" si dhamana.

Mwuzaji mwaminifu atajibu, au atakiri kwamba hajui na kukuelekeza kwa anayejua. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kujibu.

Tunamshauri mtumiaji

Usiache wala kupunguza dawa uliyoandikiwa kwa sababu ya habari za mkutano wa kisayansi, hata kama mkutano huo unaheshimika. Ikiwa habari hizo zimekupa matumaini, zipeleke kwa daktari au mfamasia wako na mzijadili pamoja. Huenda akakueleza kwamba jaribio bado linapokea washiriki, na hapo utakuwa na haki ya kuelezwa faida na hatari zake, kuridhia kwa hiari, na kujitoa wakati wowote bila kunyimwa tiba ya kawaida. Tangazo linalotumia ikisiri kama uthibitisho wa tiba litolee taarifa kwa mamlaka inayohusika, ukihifadhi kipeperushi, picha ya tangazo au ujumbe wa simu kama kielelezo.

Mtafiti anapotuma ikisiri mkutanoni, anawaomba wenzake wamwambie alipokosea. Mtumiaji naye awaachie nafasi ya kujibu kabla hajaimeza dawa hiyo.